Hodi kwa Refa

Verlin Sedlacek alicheza mpira wa Kimarekani miaka kumi na tatu, minne chuoni na tisa ya kulipwa, na kwa miaka yote hiyo hakufunga hata bao moja. Hata la bahati. Hata la kubabatiza. Na msidhani alikuwa mchezaji wa hovyo, hasha! Jamaa alikaribia mita mbili, mabega yake yakimlazimu kupita mlangoni upande upande, na viganja vyake mama yake alisema vingeweza kukanda unga wa shule nzima. Shida ilikuwa nafasi aliyocheza.

Nafasi yenyewe huitwa taiti endi. Mwenye nafasi hiyo hukaa ukingoni mwa ukuta wa timu yake, bega kwa bega na mibaba ya watu wanaomlinda mrushaji mpira. Mchezo ukianza, ama abaki pale asukumane na wapinzani kama mtu wa ukuta, ama achomoke mbio akadake mpira kama wale wadakaji wembamba wanaopigwa picha za magazetini. Nusu mbeba zege, nusu bwana harusi. Kwa Verlin, kila kocha aliyemwona aliona zege tu.

Alizaliwa Dubrava, Nebraska, mji wa wajukuu wa Wacheki, ambako ghala la mahindi ni refu kuliko kanisa na kila mtu anajua trekta la kila mtu kwa mlio. Baba yake, Milo, alikuwa fundi wa matrekta hayo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walisema ni kwa sababu mengine yote yalishachukuliwa na mkewe. Mkewe, Lavonne, alikuwa mpishi mkuu wa shule ya mji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka wilaya ya pili.

Chuo cha Nemaha hakikumwalika Verlin. Kule Nebraska ipo desturi ya vijana wa mashambani kujipeleka wenyewe chuoni, bila ufadhili wala barua, wakajaribu kuingia timuni kwa nguvu ya uso mkavu. Verlin alifika siku ya kwanza ya mazoezi amevaa viatu vya shambani. Kocha Burdette, mzee mwenye kitambi na filimbi, akamtazama kutoka chini kwenda juu, safari ndefu kidogo.

"Wewe nani kakuita?"

"Hakuna, kocha."

"Unalala wapi?"

"Kwa binamu yangu, kwenye kochi."

"Hilo kochi linakutosha?"

"Halinitoshi, kocha. Lakini nadaka vizuri."

Kocha hata hakumrushia mpira amjaribu. Alimnyooshea kidole kijana mmoja mnene aliyekuwa akinywa maji. "Msukume yule mpaka kwenye uzio."

Verlin akamsukuma mpaka kwenye uzio. Uzio nao ukalala chini.

"Sawa," kocha akasema. "Hapa hutadaka kitu, mwanangu, ila utakula."

Na kweli alikula. Miaka minne alikula, akasukuma, akadaka mipira kumi na moja tu. Mmoja kati ya hiyo ndio uliomkaa rohoni. Ilikuwa mwaka wa tatu, Jumamosi ya Oktoba, mpinzani kajisahau, na Verlin akajikuta kadaka mpira peke yake, mbele yake uwanja mtupu na yadi tisa tu kufika eneo la bao. Nani wa kumzuia? Hakuna! Akakimbia. Halafu akasikia sauti ya mama yake ikipaa juu ya vichwa vya watu elfu arobaini, naye, mjinga wa Mungu, akainua uso kumtafuta jukwaani. Mguu ukapiga mguu mwenzake. Akaanguka nusu yadi kutoka kwenye mstari, puu, kama gunia la mahindi.

Mpira ulipoanzishwa tena, mwenzake akaingia nao, timu ikashangilia. Jioni Lavonne alimsubiri nje ya vyumba vya kuvalia, mikono kiunoni.

"Nani alikwambia unitafute? Mimi najijua nilipo!"

"Nilikusikia, mama."

"Utanisikia maisha yako yote. Wewe tazama njia!"

Alitazama njia tangu siku hiyo, lakini njia haikumpa mpira mwingine wa namna ile.

Siku timu za kulipwa zinachagua vijana wa vyuo, Lavonne alioka kolachi trei nane, vile vimkate vyenye jamu ya plamu katikati, akaalika nusu ya Dubrava waje kutazama televisheni. Yalisomwa majina mia mbili na zaidi. La Verlin halikusomwa. Watu wakala, wakamshika Verlin bega, wakaaga mmoja mmoja kwa sauti za msibani. Alipobaki yeye na sahani chafu tu, simu ikalia. Alikuwa mtu wa Milwaukee, timu ya Wafua Mapipa.

"Tunahitaji mtu wa kusukuma," mtu yule alisema.

"Nadaka pia," Verlin akasema.

"Ndiyo, ndiyo. Njoo Jumanne."

Sasa hapo Milwaukee ndipo lilipotokea jambo dogo lililomwandama miaka tisa. Mgawa jezi wa timu alikuwa mzee mmoja anaitwa Gus Prochnow, mtu wa kununa tangu asubuhi. Verlin akamwendea kwa adabu.

"Mzee, naomba themanini na nane, kama ya chuoni."

"Na mimi naomba nyumba Florida. Za themanini zimekwisha. Vaa hii, sabini na nne."

"Mzee, hii si ni namba ya watu wa ukuta?"

"Wiki moja tu. Wakianza kutimuliwa watu, za themanini zitarudi."

Wakatimuliwa watu. Asubuhi ya kupunguza wachezaji, yule bwana wa ofisini alipita korido akigonga milango, na kila aliyegongewa alijua aje na vitabu vyake vya mbinu, kwaheri. Verlin alikaa kitandani na viatu vyake mapajani akisikiliza. Mlango wa kushoto ukagongwa. Mlango wa kulia ukagongwa. Wake haukugongwa. Alibaki! Akampigia mama yake simu wakapiga kelele wote wawili mpaka jirani akagonga ukuta. Usiku wa vijana wapya kuimbia wakongwe, aliimba wimbo wa harusi wa Kicheki huku akicheza polka juu ya meza, na meza hiyo haikutumika tena.

Lakini namba haikubadilika. Kocha mkuu, Ostrander, aliipenda. Kwa sheria ya mchezo, mwenye namba kati ya hamsini na sabini na tisa ni mtu wa ukuta, na kudaka mpira kwake ni haramu. Akitaka kukaa ukingoni kama mdakaji halali, sharti kwanza amwendee refa ajitambulishe. Yaani apige hodi. Anamkimbilia refa, anajipangusa kifua kwa mikono miwili toka shingoni hadi tumboni, refa anageukia kipaza sauti: "Namba sabini na nne amejitambulisha, ni mdakaji halali." Uwanja mzima unasikia. Wapinzani wanasikia.

Na hakuna anayegeuza shingo. Kwa nini wageuze? Kila mtu alijua Verlin kaja kusukuma. Alipiga hodi mara sita, mara nane, mara kumi kila Jumapili, na kila mara mpira ulikwenda kwa mwingine. Marefa wakawa wanamjua kama jirani. Mmoja wao, mzee Hollis, mwembamba mwenye masharubu meupe, alifikia kumwuliza habari za nyumbani.

"Verlin! Mama hajambo?"

"Hajambo, Hollis. Anasema Jumapili iliyopita ulihitaji miwani."

"Mwambie nimepata. Haya, sabini na nne, nimekuona."

Kazi aliipenda. Niseme ukweli, aliipenda sana. Aliwapenda watu wa ukuta waliokuwa kando yake, hasa Tavita Leilua, Msamoa mwenye shingo pana kuliko kichwa, aliyecheka kila alipomwangusha mtu na kumwinua kwa mkono uleule. Lakini kila kiangazi Verlin akirudi Dubrava, watu kwenye sikukuu ya mji walimwuliza swali moja, bia mkononi. "Vipi Verlin, bado?" Naye anajibu, "Bado." Wengine walimwuliza mama yake, dukani, kanisani, kwa daktari wa meno. "Lavonne, mwanao kafunga?" "Bado." Verlin alimsikia akilijibu hilo mara moja, kwenye foleni ya posta, kwa sauti ndogo ambayo hakuijua kuwa anayo. Siku hiyo ndiyo aliyoanza kulitaka bao hasa. Hakutaka kikombe wala sanamu. Alitaka bao moja, la mikono yake mwenyewe, ili mama yake ajibu vingine.

Msimu wa tisa ulipokaribia, goti likasema basi. Daktari alilibonyeza, akaguna, akasema lina mwaka mmoja, na huo mmoja ni kwa kubembelezwa. Verlin akamweleza kocha, halafu akamweleza mrushaji, Cedric Fontenette, kijana wa Louisiana aliyevaa soksi zisizofanana kwa makusudi na kula chakula cha Lavonne kuliko mtu yeyote duniani.

"Kaka, subiri," Cedric akasema. "Una mabao mangapi?"

"Unajua ni mangapi."

"Nataka nisikie."

"Sifuri."

"Huendi popote na sifuri. Mama Lavonne atanitazama vipi? Atanipa tena yale maandazi ya kabichi na nyama?"

Wakaenda wote wawili kwa Ostrander. Kocha akakuna kidevu, akachora kwenye karatasi. Verlin ajifanye anasukuma kama kawaida, ahesabu moja, mbili, kisha ateleze nyuma ya mgongo wa adui aingie kona ya kulia ya eneo la bao, ambako hakuna mtu atakayemfuata kwa sababu hakuna aliyewahi kumfuata. Kila mbinu lazima iwe na jina. Cedric akaibatiza palepale: Lavonne.

Waliifanyia mazoezi kila Ijumaa. Nyumbani, Verlin alidaka mikate, viazi, mito ya kochi. Lakini msimu wenyewe ulikuwa na roho mbaya. Wakikaribia bao, mvua inanyesha. Mvua ikikatika, wako nyuma sana. Wiki ikaila wiki, na Lavonne haikuitwa hata mara moja, mpaka ukabaki mchezo mmoja.

Mchezo huo ulikuwa na Toledo, Jumapili mchana ya Januari, baridi ya kugandisha masharubu. Timu zote mbili zilikuwa hazina lolote tena msimu ule, hatua ya mtoano ilishawapita. Lakini Toledo ni Toledo. Walikuwa wameifunga Milwaukee miaka sita mfululizo, na kila mwaka walicheza ngoma mbele ya benchi la wenyeji. Tavita alikuwa na kovu kidevuni la mwaka wa pili na meno mawili ya bandia ya mwaka wa nne, yote zawadi za Toledo.

"Nipeni hii moja tu," alikuwa akisema tangu asubuhi. "Mwaka ujao naweza kula supu."

Lavonne na Milo walikuwa wameendesha gari kwa muda wa saa tisa kutoka Dubrava wakiwa na masufuria nyuma. Verlin alipotoka kwenye njia ya kuingilia uwanjani hakumtafuta kwa macho. Alimsikia, ikatosha.

Zikabaki sekunde kumi na tisa. Milwaukee wako nyuma kwa pointi nne, na bao moja huleta sita, mpira uko yadi mbili kutoka mstarini, jaribio la mwisho. Wachezaji wakakusanyika duara, moshi wa pumzi ukipanda. Cedric akawatazama mmoja mmoja, kisha akatoa tabasamu kubwa.

"Jamani," akasema, "Lavonne."

Duara lote likaguna kwa furaha kama watoto walioambiwa leo hakuna shule. Tavita akampiga Verlin kofi la mgongo lililomtoa pumzi. Na Verlin? Masikio yalimziba. Alichoona ni kona ya kulia tu, pana, nyeupe, inamsubiri. Akaenda moja kwa moja akainama mahali pake ukingoni. Moja kwa moja, mnasikia? Moja kwa moja!

Mpira ukaanza. Akasukuma, moja, mbili, akateleza. Hakuna aliyemfuata. Akageuka, na mpira ulikuwa unakuja, taratibu kabisa, ukizunguka vizuri. Akautazama mpaka ukamwingia mikononi. Akaukumbatia tumboni, miguu yote ndani, akapiga magoti kwenye majani yaliyoganda. Amedaka! Amefunga! Watu elfu sabini wakalipuka. Cedric akamrukia, Tavita akawarukia wote wawili, na chini ya rundo lile Verlin alilia waziwazi, kamasi na kila kitu, na hakuona aibu.

Rundo lilipofunuka, akaona chini kwenye majani kitambaa cha njano, kile anachorusha refa akiona kosa.

Hollis alikuwa amesimama karibu nacho. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kifaranga. Akawasha kipaza sauti, akakohoa. "Kosa. Namba sabini na nne hakujitambulisha kwa refa. Si mdakaji halali. Bao halipo. Yadi tano nyuma, jaribio lirudiwe."

Mara zaidi ya elfu moja Verlin alikuwa amepiga hodi katika uwanja huu na vingine, elfu moja bila kurushiwa kitu, na siku anayorushiwa kaingia bila kubisha! Sauti iliyotoka jukwaani haikuwa hata ya hasira. Ilikuwa "Aaaah" ndefu ya watu waliomwona mtu akimwaga chungu jikoni.

Hollis akamsogelea. "Pole, Verlin. Nilikuwa nakutazama. Nikasema, sasa anakuja, sasa anakuja..."

"Najua, Hollis. Si kosa lako."

"Miaka tisa, bwana!"

"Najua, nimekwambia."

Ostrander akaomba mapumziko mafupi. Alikuwa mwekundu toka shingoni. Wachezaji wa Toledo walikuwa hoi kwa kicheko, wameshikana mabega. "Sabini na nne! Mwanangu, nyumbani hawakukufundisha?" mmoja alipaza sauti. Mwingine akajipangusa kifua kwa madaha, "Hodi! Hodi jamani!" Na nahodha wao akapiga makofi akiwapanga: "Mchungeni huyo! Watamrudia, wanataka kumpa bao! Mchungeni sabini na nne!"

Verlin akawasikia. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, timu nzima ya wapinzani ilikuwa inamtazama yeye.

"Kaka," Cedric akasema, amemshika kofia. "Tunairudia. Nakurushia juu kabisa, wewe ruka."

"Watakuwa watatu juu yangu."

"Waje hata kumi. Tushindwe, tushinde, msimu umekwisha, nani anajali? Leo ni siku yako. Nakurushia."

Na angerusha, Verlin alimjua. Kwa kitambo kidogo alilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote. Nani angemlaumu? Alikuwa na haki ya kujaribu, mara moja tu. Angeruka, na huenda, huenda, vidole vyake vingefika kwanza. Akageuza uso. Tavita alikuwa ameinama, mikono magotini, damu imemgandia kwenye ndevu, akipumua kama trekta la mzee Milo asubuhi ya baridi. Wengine wa ukuta walikuwa vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyemwangalia Verlin kwa ubaya, ingawa ni yeye aliyekuwa amewatoa ushindi mkononi.

"Ita Lavonne," Verlin akasema. "Nitapiga hodi. Wote watanifuata mimi. Lakini usinirushie."

"Kaka..."

"Usinirushie, Cedric." Maneno yalimtoka kama jino. "Mpira kaa nao. Upande wa kushoto hakutabaki mtu. Nenda mwenyewe."

Cedric alimtazama, akamtazama kocha. Ostrander akaitikia kwa kichwa.

Verlin akatoka akamwendea Hollis, bila haraka, katikati ya uwanja, kila mtu amuone. Akajipangusa kifua kutoka shingoni hadi tumboni. Akarudia mara ya pili, ili isije ikasemwa. Hollis akawasha kipaza sauti, na masharubu yakamcheza.

"Namba sabini na nne," akatangaza, "safari hii amejitambulisha."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, kisha makofi, kisha wakasimama. Elfu sabini, wamesimama kwa ajili ya mtu aliyepiga hodi! Toledo wakamnyooshea vidole wote kwa pamoja.

Mpira ukaanza. Verlin hakusukuma hata mtu. Alichomoka kwenda kona ya kulia akipunga mikono miwili, akipiga kelele, "Cedric! Hapa! Hapa!" Watatu wakamfuata, wa nne akaja mbio kusaidia, wakamrukia kama waliotangaziwa zawadi. Huku kushoto, nyuma ya mgongo mpana wa Tavita, Cedric Fontenette aliingia eneo la bao akitembea, mpira kwapani, soksi zake zisizofanana zikionekana wazi, kama mtu anayekwenda dukani kununua maziwa.

Miaka sita ya Toledo ikaishia hapo. Tavita alilala chali uwanjani akicheka peke yake kwa muda mrefu. Verlin akatoka chini ya watu wanne, goti likiwaka, akasimama kwenye ile kona yake. Alifurahi, na alihuzunika, vyote kwa ukamilifu, na hakujua kipi akishughulikie kwanza. Kwenye vitabu vya ligi kungeandikwa michezo mia moja thelathini na tisa, mabao sifuri. Hivyo ndivyo vitabu vilivyo mpaka leo.

Alikawia kuoga kwa makusudi. Alipofika maegesho ya magari, giza lilikuwa linaanza kuingia na Lavonne alikuwa nyuma ya gari lao la mizigo, amevaa koti juu ya koti, akigawa supu kwa mwiko. Cedric na Tavita walishafika, bakuli mkononi. Milo alikuwa anashikilia taa. Lavonne alipomwona mwanawe, akauweka mwiko chini.

"Njoo hapa wewe."

Akaja. Mama yake akampiga kofi la mkono, mahali pa juu kabisa alipofikia, ambapo ni kwenye kiwiko.

"Nilikulea mimi au ulilelewa na ndama? Unaingia mahali pa watu huwaamkii? Mzee wa watu amesimama pale na masharubu yake, unampita tu!"

"Mama, nisamehe. Nilichanganyikiwa."

"Ulidaka, hukudaka?"

"Nilidaka."

"Miguu ilikuwa ndani?"

"Ilikuwa ndani. Lakini halihesabiwi, mama. Ndiyo basi tena. Nilitaka uwe na kitu cha kuwajibu wale watu, na sasa..."

Lavonne akanyamaza. Hata Milo aligeuza taa kumtazama, maana ukimya wake ulikuwa kitu cha kuogopesha. Hatimaye akamshika mwanawe kola ya koti akamvuta chini mpaka nyuso zikakaribiana. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa anacheka.

"Cedric kanieleza yote," akasema. "Kwamba alitaka kukurushia ukakataa."

"Kina Tavita walikuwa wamechoka, mama."

"Najua. Sasa nisikilize. Kesho kutwa nakwenda posta. Wakiniuliza, Lavonne, mwanao kafunga? nitawajibu: Alifunga. Wakamfutia kwa kukosa adabu. Wakampa nafasi nyingine, akawapa wenzake. Halafu nitawauliza wao watoto wao wamefanya nini!"

Cedric akapaliwa na supu. Verlin akamkumbatia mama yake, akamwinua juu na makoti yake yote, naye akampigia kelele amshushe, atamchafulia sufuria. Akamshusha. Kisha akachukua bakuli akaenda kupanga foleni nyuma ya Tavita, kwa sababu Tavita alikuwa anarudia mara ya tatu na supu ilikuwa inaelekea kwisha.